Foto Inayoangalia Ukuta

Wanaharusi wa Bukavu siku hizi wanaingia studio kwangu na neno moja mdomoni: natirel, yaani kawaida, bila kupangwa. "Maman foto, shiye tunataka natirel." Hata salamu haijaisha. Halafu wanafungua simu, wananionyesha bibi harusi wa nchi ya mbali ameketi kwenye majani, nywele zinapeperuka, anacheka akiangalia pembeni kana kwamba hakuna mtu mbele yake. Mimi naishika simu, naikuza ile foto kwa vidole, nawauliza: "Na huyu aliyeshika kitambaa cheupe cha kumrudishia mwanga usoni, kivuli chake hiki hapa kwenye majani, naye ni natirel?" Wanairudisha simu mfukoni. Wengine wanaondoka, wanaenda kwa mpiga foto wa jirani mwenye ulimi mtamu. Waende salama.

Si kwamba nalichukia neno lenyewe. Linanisumbua tu, kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Nilikulia katika nyumba ambamo kupigwa foto ilikuwa shughuli ya heshima: unaoga, unavaa, unaketi, mikono juu ya magoti, mdomo umefungwa. Ukicheka, papa atakuuliza umekuja kupigwa foto ama kufanya mchezo. Hata leo ukimwambia muzee wa hapa, "Kaa kawaida tu, papa, kama vile miye siko," palepale ananyoosha mgongo, anakaza shingo, mikono inarudi magotini. Hiyo ndiyo kawaida yake mbele ya apareyi ya kupigia foto. Nani wa kumwambia kwamba anadanganya? Nimejiuliza swali hilo Jumamosi nyingi, nimechuchumaa kwenye bustani za kando ya ziwa kule Muhumba, nikingoja bwana harusi fulani amalize kumwinua bibi yake juu kama gunia la mihogo huku harusi nyingine inasubiri zamu nyuma yetu.

Foto isiyopangwa ina kazi kubwa kuliko ile ya kupanga. Lazima uzime flashi, kwa sababu flashi ikipiga kila mtu anakumbuka kwamba uko. Lazima usimame mbali na uwe na subira ya paka. Na kila dakika unachagua: nikae upande gani? Watu wawili wakiangalia pande mbili, huwezi kuzipata sura zote mbili. Ukichukua hii, ile imekwenda. Watu wanafikiri natirel maana yake ni kutochagua. Wapi!

Sasa nieleze harusi iliyonifundisha hayo, ama tuseme iliyonichanganya zaidi.

Walikuja wawili pamoja. Bibi harusi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye maneno mengi na kalamu nyekundu imesahaulika kwenye nywele. Bwana harusi alikuwa fundi wa umeme, mtu mtulivu, na kwa mji wetu fundi wa umeme mtulivu ni kitu cha kushukuru Mungu. Nilijiandaa kusikia lile neno. Bibi harusi akasema:

"Maman foto, zote utapiga vile unataka. Miye nakuomba moja tu. Mama yangu na bwana yangu, ndani ya foto moja."

"Hiyo tu? Nilifikiri unataka nipande mulima Kahuzi."

Hawakucheka. Bwana harusi aliangalia viatu vyake, akasema, "Ile mama sijawahi kumuona sura. Najua mugongo yake tu."

Mama wa bibi harusi anatoka Luhwindja, na katika familia yao bado wanashika desturi ambayo mjini wengi wetu tumeiacha: mama mkwe na mkwe wake hawaonani usoni. Hawapeani mkono, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Wakati wote wa uchumba, kila mara bwana harusi alipofika nyumbani, mama aliondoka kwa mlango wa nyuma. Siku ya mahari alikaa nyuma ya pazia mpaka wageni wakaondoka.

Mimi niliijua hiyo desturi kwa macho yangu. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunatoka shambani na nyanya yangu wa kijiji cha Miti, kikapu cha viazi mgongoni mwake, na ghafla nyanya akaruka kama msichana akaingia ndani ya mtaro wa maji. Viazi vikatawanyika. Kumbe bwana mpya wa mama mdogo wangu alikuwa anapanda kilima akisukuma baiskeli. Naye akageuza sura, akapita huku anaimba kwa nguvu, ili nyanya ajue amekwisha kupita. Nilipomvuta nyanya kutoka mtaroni, kikwembe, kile kitenge alichojifunga, kinatiririka maji, nikamuuliza wamegombana nini. "Kugombana?" akasema. "Yule ndiye mukwe ninayemupenda kuliko bote. Njo maana nimelowa." Mama mdogo alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nyanya akajitwika bidoni ya kasiksi, akaenda kwa mkwe, na siku ile wakakaa wanaangaliana na kunywa ile pombe yake ya ndizi mpaka jioni. Kwa muda mrefu nilifikiri mtoto mchanga ndiye aliyewapatanisha; kumbe ndivyo desturi yenyewe inavyofunguliwa, kwa mtoto wa kwanza.

Nikawasimulia hayo pale studio, nikidhani nimemaliza tatizo. Bwana harusi alisikiliza kwa adabu.

"Nyanya yako alikuambia weye," akasema. "Miye, nani ameniambia?"

"Miye nimekuambia!" bibi harusi akaruka. "Nimekuambia ni heshima!"

"Umeniambia. Lakini heshima na kasirani, ukiviangalia kwa mugongo, vinafanana."

Basi akaeleza, na hapo nikaacha kushikashika vitu vyangu mezani. Yeye ni mzaliwa wa Sange, kule chini kwenye bonde la Ruzizi. Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na katika kukimbiakimbia vita vya miaka ile haikubaki hata karatasi moja yenye sura ya yule mama. Alilelewa na tonton, yaani mjomba wake, mtu mwema asiye na mke. "Batu bote iko na foto ya mama yao ndani ya nyumba, ku salon," akasema. "Miye nikipiga musumari ku ukuta, nitundike nani? Nilisema nikioa, nitapata mama. Sasa nimepata mugongo."

Bibi harusi alimshika mkono. Mimi, kwa sababu huzuni ya watu inanifanya niwe na haraka, nikatoa dawa ya kwetu sisi wa studio: nimpige mama peke yake, nimpige mkwe peke yake, halafu niwaunganishe ndani ya ordinatere, ile kompyuta yangu. Mjini hapa tumeshaunganisha watu na maporomoko ya maji, na ndege, na hata marehemu. Akatikisa kichwa. "Hiyo itakuwa uongo, na miye nitakuwa najua."

"Na usimuambie mama," bibi harusi akaongeza mlangoni. "Akijua tu, hata kanisani hatafika."

Nilibaki nimeketi. Hasira niliyoiandaa kwa lile neno ilikuwa imenitoka, mahali pake umeingia udadisi, kama wa mtoto aliyeonyeshwa sanduku lililofungwa. Utawapigaje foto moja watu wawili ambao siku nzima kila mmoja anahakikisha hayuko pale mwenzake alipo?

Siku ya harusi nilifika mapema mtaa wa Panzi, kwenye parseli, yaani kiwanja cha mjomba wa bibi harusi, ambako walikuwa wanamvisha. Mama alikuwa uani anasimamia sufuria. Sijui nilitegemea nini, labda mwanamke mkali mwenye midomo iliyobana. Nikakuta mama mfupi, mabega mapana, mwanya mkubwa katikati ya meno ya mbele, anawataniatania wote, mpaka padri aliyepita kuchukua viti. Alipoiona lenzi yangu ndefu, akaweka mwiko kiunoni.

"Maman, hiyo ni apareyi ama ni ya kuwindia? Shiye tuko batu, hatuko banyama."

Nilimpenda palepale. Akacheka, na mwanya ule ukafungua uso mzima. Niliinua apareyi, akaikubali, akaendelea kukoroga. Halafu honi za kortej, ule msafara wa magari ya harusi, zikasikika chini barabarani: bwana harusi anakuja. Mama alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimaliza. Kikwembe cha begani kikapanda kichwani, naye akapotea nyuma ya nyumba, mwiko bado mkononi.

Hivyo ndivyo siku ilivyokwenda. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo. Nikizunguka kwa kushoto, napata nguzo. Nikizunguka kwa kulia, napata nguzo na nusu ya kofia ya mtu mwingine. Tena wageni wa siku hizi, kila mmoja na simu yake juu, wanajaa njia yote ya katikati kama wanangoja basi. Kuna tonton mmoja aliniziba mara nyingi mpaka nikamnong'oneza: "Papa, ukisimama tena mbele yangu nitaweka kisogo chako ku albamu, ukurasa wa kwanza." Akakaa.

Wakati wa mahubiri niliegemea ukuta nikawa narudia foto zangu kwenye kioo kidogo cha apareyi. Hapo ndipo nikaona kitu. Katika kila foto yenye mama, hata kipande chake tu pembeni ya nguzo, kikwembe kilikuwa kimevutwa upande mmoja, na upande huo ulikuwa upande alipo mkwe. Mkwe akiwa kushoto, kikwembe kiko kushoto. Akihamia kulia, kimehamia. Mama hakukosea popote. Nikajiuliza, mtu anawezaje kumkwepa mwenzake kwa usahihi kiasi hicho kama hajui kila wakati yuko wapi? Bibi harusi mwenyewe hakuwa anamfuatilia bwana wake namna ile. Nilisisimka. Nilitaka kumkimbilia bwana harusi pale mbele ya altare nimwonyeshe, lakini mahubiri yalikuwa yamekwisha, naye alikuwa anavishwa pete.

Nje, kwenye ngazi, kulikuwa na foto ya jamaa wote. Hii niliipanga, sioni haya kusema. Mama akaja, nikashangaa, akasimama mwisho kabisa wa mstari, na watu wote wakiwa kati yake na mkwe. Nikainua apareyi. Akakivuta kikwembe mpaka puani. Bwana harusi hakugeuka kumtazama, lakini aliona mimi nilivyoshusha mikono. Baadaye akanipitia karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Umeona? Hata siku ya leo." Macho yake yalikuwa mekundu, na kabla sijamwonyesha kioo cha apareyi, jamaa wakamvuta.

Sherehe ya salle, yaani ya ukumbini, ilikuwa ya jioni, kwa hiyo tukarudi Panzi kula kwanza. Mvua ikatukuta hapo. Ilishuka kama mtu amemwaga beseni, turubai la uani likajaa maji na kulegea, watu wote wakakimbilia ndani na sahani zao, muziki ukapandishwa, wakaanza kucheza wamebanana. Mimi nilisimama dirishani. Mvua ina mwanga mzuri kuliko jua: hauna kivuli kikali, unaenea usoni polepole. Nilikuwa namtafuta mtu wa kuukalia mwanga ule.

Uani palikuwa na kibanda cha kupikia, nguzo na mabati tu, bila kuta. Mama alikuwa amebaki pale, hawezi kuacha sufuria zake zijae maji. Halafu kwa upande wa pili akaja bwana harusi mbio, anatoka chooni, maana hata bwana harusi ana haja zake, na mkononi ule mwavuli mkubwa mweupe wa kortej. Aliingia chini ya mabati kabla ya kuona nani yumo. Alipoona kikwembe, akageuka haraka kama ameungua. Mama naye aligeuka. Wakabaki wamepeana migongo, nguzo moja katikati.

Angeweza kuondoka. Alikuwa na mwavuli, na mlango wa nyumba haukuwa mbali. Alishapiga hatua ya kwanza. Lakini mabati ya kibanda yalikuwa yametoboka juu ya kichwa cha mama, na maji yalikuwa yanamwagikia shingoni. Mama akasema kwa sauti kubwa, si kwa mtu:

"Weye sufuria! Leo tutakufa na maji, weye na miye."

Bwana harusi akasimama. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye nguzo. Kumpa mwavuli mkononi hawezi. Basi akaunyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akaushika mwavuli juu ya kichwa cha mama ambaye hamwoni. Mkono ulikuwa umepinda vibaya. Yeye mwenyewe akabaki chini ya ukingo, mvua yote inaingia kwenye vesti, koti lake la suti ya harusi.

Mwiko ukakoroga mara mbili. Halafu mama:

"Sufuria, umuambie mwenye mwavuli: vesti yake ya mariaje inaharibika."

Naye, akiwa anaangalia mbele: "Nguzo, umuambie mama: vesti itakauka."

Kutoka dirishani nilikuwa na sura yake yeye, safi kabisa, na mgongo wa mama. Foto nzuri. Kidole kilikuwa tayari. Lakini nilisikia sauti ya mama ikibadilika pale aliposema "vesti", nikajua upande wa pili kuna kitu. Mtu mmoja hawezi kuwa pande mbili. Nikaficha apareyi ndani ya kikwembe changu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba nzima katika matope, nikaacha kiatu kimoja huko, mpaka nikamkuta mama kwa mbele.

Alikuwa anacheka. Bila sauti, kichwa kimeinama kwa sufuria, kikwembe kimeanguka mabegani, mwanya wazi, na machozi ama mvua mashavuni. Juu yake mwavuli mweupe. Kutoka nyuma yake mkono uliopinda, na mgongo wa mtu aliyelowa mpaka mfupani. Nikapiga. Hakuniona. Mvua ilipopungua, kila mmoja akaenda upande wake, na jioni kwenye salle kikwembe kilikuwa kimerudi kichwani kama hakuna kilichotokea.

Bibi harusi alipokuja kuchukua foto zake nilimwonyesha ile ya mwisho. Nilikuwa nimejivuna, sitaficha. Akapiga kelele, akacheka, akalia. Halafu ghafla akaifunika kwa kiganja.

"Maman foto. Hawezi kuiona hii."

"Nani?"

"Bwana yangu. Iko na sura ya mama."

Eh, Mungu wangu! Siku nzima nilikuwa nawaza wasionane ndani ya foto. Sikuwaza hata kidogo kwamba foto ikitundikwa, mkwe atakuwa anamwangalia mama mkwe usoni asubuhi na jioni, akinywa chai. Nyanya yangu hakuwa na foto nyumbani; hakuna aliyewahi kunipa mfano. Na kwa sababu nilikuwa nimekosea, nikawaka: "Basi mulitaka nini? Mugongo alikuwa nayo tayari!" Akasema nikate sehemu ya sura. Nikamwambia afadhali anikate mimi.

Tukaenda kwa mama mwenyewe. Alikuwa bado Panzi kwa mjomba, anafunga mizigo yake ya kurudi Luhwindja. Aliishika ile foto mbali kidogo na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Eh! Na huyu mwanamuke wa kuchekea sufuria, ni nani?"

Halafu akaileta karibu. Akapitisha kidole juu ya ule mkono uliopinda, kutoka begani mpaka kwenye mwavuli. Niliogopa kweli.

"Ameiona?"

"Bado, mama," binti yake akasema.

"Asiione."

"Lakini mama, yeye hana hata..."

"Nimesema asiione. Sijasema musimupe." Akairudisha mikononi mwangu. "Aitundike kwake ku salon, sura iangalie ukuta. Siku mutoto wake wa kwanza atalia, ataigeuza. Kama ni mutu wa kuchungulia, atachungulia. Kama ni mukwe wangu, atangoja."

"Mama," nikasema, maana sikuweza kujizuia, "foto ya kuangalia ukuta, hiyo ni foto gani?"

"Na mutu mwenye kukugeuzia mugongo, haiko mutu?"

Nikaitia foto kwenye bahasha bila kubisha. Kwangu si jambo la kila siku.

Basi ikatundikwa, Kadutu, katika nyumba yao ndogo ya juu kwenye mteremko, ndani ya kadre, fremu nzuri ya mbao. Kila nilipopita kuwasalimu niliikuta vilevile: karatasi ngumu ya kahawia, msumari, kamba. Karatasi ile haikuwa na vumbi. Siku moja mgeni akauliza ile ni nini, na bwana wa nyumba akajibu, "Ni mama."

"Mbona anaangalia ukuta?"

"Ananiheshimu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma katekisimu asiyoielewa vizuri.

Hakuichungulia. Mke wake aliniapia, na mimi nilimwamini, kwa sababu siku moja tulikutana bwana wake na mimi kule kwenye njia panda ya Feu Rouge, pikipiki zinapiga honi pande zote, akanivuta pembeni.

"Maman foto, sikuombi unionyeshe. Uniambie tu. Siku ile ya mvua, alikasirika?"

Alikuwa ameshika waya wa umeme umezungushwa begani, mtu mzima mwenye kazi yake, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Neno moja tu lingemtosha. Nililisikia likija mpaka kwenye meno. Lakini halikuwa langu, lilikuwa la mwenye mwanya.

"Papa," nikamwambia, "miye napiga foto. Siko redio."

Nilitembea mpaka Nyawera nikijitukana. Usiulize nilijiita nini.

Mtoto alizaliwa msimu wa mvua, msichana. Waliponiita, mama alikuwa ameshafika kutoka Luhwindja na kuku, unga, na bidoni ya kasiksi, lakini hakuwa ameingia ndani. Alikuwa amesimama nje ya mlango, kikwembe kichwani, mgongo kwetu, anaangalia mabati ya jirani. "Kwanza foto," alikuwa amesema. Bibi harusi wangu, sasa mama wa mtu, alikuwa kwenye kiti na kitoto kifuani, na kitoto kile kilikuwa kinalia vizuri sana. Apareyi yangu niliiweka mezani karibu na chupa ya chai. Hakuna aliyenikataza kuitumia. Sikutaka tu mlio wake usikike mle ndani.

Bwana wa nyumba alinawa mikono, akaikausha kwenye suruali, akaikausha tena. Akaitoa kadre kwenye msumari. Akaishika kifuani kwanza, upande wa sura ukiwa kwake, macho yamefungwa. Kisha akaishusha na kuangalia.

Aliangalia mpaka mtoto akanyamaza.

"Anacheka," akasema.

Akaisogeza karibu zaidi na uso wake.

"Nilikuwa nasikia mvua tu. Sikujua anacheka." Akasogeza kidole kwenye kioo. "Iko na mwanya. Angalia, iko na mwanya!" Akaanza kulia bila kujificha, anaifuta kadre kwa mkono wa shati, anailowesha tena, anaifuta, wala haiachi.

Nyuma yake mama alikuwa ameingia. Alikuwa amekitoa kikwembe kichwani, amekikunja, amekishika mbele yake kwa mikono miwili. Akangoja. Mkwe bado anaangalia foto. Mama akangoja tena kidogo, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Mutoto yangu," akasema, "acha karatasi. Geuka basi. Niko huku nyuma."

Akageuka.